Si Pilipili Iliyonichoma

3 Agosti

Daktari Whitcomb wa zahanati amenipa kazi ya shule. Niandike kila siku kila kitu kinachogusa ngozi yangu, mpaka ajue ni nini kinachonitoa malengelenge. Mimi shule niliiacha darasa la tano nikaingia shambani kuchuma, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniomba niandike zaidi ya jina langu. Sasa nina miaka sabini na sita, naanza upya. Haya. Vinavyogusa ngozi nitaviandika, na vinavyogusa roho nitaviandika pia. Kalamu ni yangu.

Muwasho ulianza mwezi wa tano. Nikawa najikuna kwa mgongo wa kisu. Julai yakatoka malengelenge, mikononi kwanza, makubwa, magumu, yamejaa maji kama zabibu. Daktari hakunyanyuka hata kwenye kiti.

"Mama Barela, wewe unachoma pilipili kila siku. Huo ni mkono wa pilipili."

Bonde hili lote, ukiumwa ngozi mwezi wa Agosti ni mkono wa pilipili. Macho yakiwa mekundu ni pilipili. Nadhani ukifa Agosti wanakuzika wakisema pilipili.

Nikamwambia, "Nimechoma pilipili tangu baba yako hajaoa. Pilipili inanijua."

"Mwili hubadilika, mama."

Wa kwake ubadilike.

4 Agosti

Vilivyonigusa leo: maji, sabuni ya mche, gauni la pamba, glavu, pilipili, moshi, na Bernadette mke wa mwanangu, aliyenishika bega bila kuombwa.

6 Agosti

Joto. Mwanangu Leroy amegombana na pampu ya maji mchana kutwa. Pampu imeshinda.

8 Agosti

Kibanda chetu kiko kando ya barabara kuu. Leroy mwanangu analima, Bernadette anapima na kuuza, mimi nasimama kwenye pipa. Ni pipa la wavu wa chuma, linazungushwa juu ya moto wa gesi, pilipili ndefu za kijani zikipiga kelele humo ndani. Ukiwahi kuzitoa, ganda linang'ang'ania nyama. Ukichelewa, umeunguza mali ya mtu. Yataka ganda livimbe, litoe malengelenge, liachie lenyewe, mtu afike nyumbani alivue kwa vidole viwili. Watu wanatoka Albuquerque, wanatoka El Paso, wanapita vibanda vyote vya njiani, wakifika kwetu hawamuulizi Leroy habari zake. Wanauliza, "Bibi yupo?"

Nimeishi kwa kuinua maganda, na sasa langu ndilo linaloinuka.

Leo nimeona jipya, ndani ya paja, juu kabisa. Lingine tumboni chini ya mkanda. Nataka daktari aniambie pilipili imepandaje huko. Mimi huko sikuchoma kitu.

9 Agosti

Nimeguswa na mvua. Mfereji umefurika. Basi.

12 Agosti

Nimekwenda zahanati nikafunua paja. Nesi akageukia ukuta. Aibu ya nini, paja si lake. Hapo ndipo daktari aliposema, basi tukate kipande tukipeleke maabara.

Wakachagua lengelenge kubwa kuliko yote, la mkono wa kushoto. Wakalikata katikati, likapasuka, maji yakamwagika, wakachukua kile kiganda kilichobaki wakakitumbukiza kwenye kichupa. Nikauliza hicho kinachonuka ni nini.

"Fomalini, bibi. Ngozi zote tunaziweka humu, zisioze."

Harufu ile naijua. Ndiyo niliyoikuta kwa marehemu mume wangu Procopio siku nilipokwenda kumtoa chumba cha maiti. Nimekaa na harufu hiyo puani mpaka chakula cha jioni.

15 Agosti

Bado.

19 Agosti

Majibu yamekuja. Daktari akasoma: mzio wa ngozi, huenda umetokana na kitu kinachogusa ngozi.

Huenda. Mimi neno hilo nililisikia. Daktari na mwanangu hawakulisikia.

"Basi ni kama nilivyosema," daktari akasema. "Usiguse pilipili tena, Mama Barela. Wala kusimama kwenye moshi wake. Si msimu huu tu. Moja kwa moja."

Leroy alikuwa amesimama kofia mkononi, rangi imemtoka. Tukarudi nyumbani kwa gari lake. Tulipofika, akaingia kibandani, akachukua aproni yangu kwenye msumari, akachukua glavu, akavifungia kwenye gari lake.

"Leta aproni yangu, Leroy."

"Mama, umemsikia daktari."

"Nimesikia huenda."

"Mama."

"Nilikuzaa kwa taabu ya siku mbili, kichwa kikubwa kama tikiti. Leta aproni."

"Siileti," akasema, akaondoka upesi kuelekea shambani. Mtu mzima wa miaka hamsini anamkimbia mama yake kupitia katikati ya pilipili!

Nikasimama pale mikono mitupu. Nikajua. Anataka kibanda. Miaka yote hii alikuwa anangoja kisingizio, na mtu wa maabara asiyenijua amempa.

Naandika hapa kwa herufi kubwa ili asome atakayesoma: SI PILIPILI.

20 Agosti

Nimekaa dirishani kumwangalia akichoma. Anaunguza. Wateja wanapokea, wananusa, wanatazamana.

23 Agosti

Tillie Lucero amekuja na sahani ya biskuti za mdalasini. Tillie ndiye aliyemshika Leroy kwenye ubatizo, shoga yangu tangu hapo, na ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa. Akija na biskuti kuna jambo. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaitazama mikono yangu, akatazama kiti alichokalia.

"Sema, Tillie. Kiti hakiumi."

"Shoga, watu wanasema."

"Watu wana midomo."

"Wengine wanasema shamba lenu lina sumu. Wengine wanasema huo ugonjwa unashika. Mimi sisemi hivyo. Lakini sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli inakaribia, na kamati imeona... mwaka huu achome mtu mwingine."

Parokia ina pipa lake la sikukuu, na tangu linunuliwe hakuna mkono mwingine uliochoma pilipili humo siku ya Mtakatifu Mikaeli. Hata mwaka niliomzika Procopio nilichoma.

"Mtu gani?"

"Mwanangu Gilbert."

"Gilbert! Gilbert anaunguza maji ya kahawa."

"Anajifunza."

"Akajifunzie pilipili zenu. Beba biskuti zako."

"Shoga, usinifukuze."

"Sijakufukuza. Nimezifukuza biskuti."

Alikwenda nazo. Baadaye nikazitamani, lakini siendi kuomba.

25 Agosti

Matatu mapya. Moja ubavuni, mawili nyuma ya goti. Pilipili ya kwangu inajua kutembea.

27 Agosti

Bernadette ameingia jikoni, amefunga mlango, amesema kwa sauti ya chini kama mwizi, "Mama, Jumanne tunakwenda Las Cruces. Kwa daktari wa ngozi."

"Nafasi kule ni Desemba, nimeambiwa."

"Nimewapigia kila asubuhi tangu wiki iliyopita mpaka mtu mmoja akaghairi. Wamechoka na sauti yangu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nakufulia mashuka, mama. Nayaona. Mtu hawezi kuungua mgongo kwa kitu alichokishika kwa mkono." Akafungua mlango. "Na Leroy asijue kwanza. Hali chakula vizuri siku hizi."

Huyu ndiye niliyemwita jiwe la barafu tangu siku ya harusi. Leo nimekula maharage yake bila kuongeza chumvi, ingawa yalihitaji.

2 Septemba

Las Cruces. Daktari Anaya ni mwanamke mdogo, viatu vya raba, anaongea haraka. Jambo la kwanza alilosema ni, "Vua zote, mama." Nikampenda. Alinitazama mwili mzima, mpaka mdomoni, mpaka kati ya vidole vya miguu. Akaminya lengelenge moja kando kuona kama litatambaa. Halikutambaa.

Kisha akaweka kidole pembeni ya lengelenge jipya la tumboni, palipo pazima. "Nitakata hapa."

"Hapo siumwi."

"Najua. Ndiyo maana."

"Binti, nimekuja na vidonda mwili mzima, na wewe unakwenda kukata penye uzima?"

"Kwenye lengelenge lenyewe vita vimekwisha, mama, kila kitu kimebomoka. Mimi nataka mahali ambapo bado wanajipanga. Kule zahanati walikata wapi?"

"Katikati ya lengelenge."

"Wakaweka kwenye nini?"

"Fomalini."

Akashusha pumzi. "Fomalini inafaa kuona umbo la ngozi. Kwa ninachokitafuta mimi haifai. Inakiharibu."

"Kama pilipili ya siki," nikamwambia. "Ukishaitia kwenye siki unaweza kuila, lakini huwezi tena kuichoma."

Akacheka. "Hivyo hivyo."

Basi akakata vipande viwili. Kimoja ukingoni mwa lengelenge, hicho kikaenda kwenye fomalini. Kingine penye uzima, hicho kikaenda kwenye maji mengine, hayana harufu, na yeye mwenyewe akasoma kibandiko cha kichupa mara mbili kabla ya kufunga. Kisha wakatoa damu. Bernadette alinishika mkono muda wote. Mkono wake ni wa moto.

Nikauliza huko maabara watavifanya nini, na asinidanganye kwa sababu sikusoma. Akavuta kigoda. Alisema damu ina askari wake, kingamwili, kazi yao ni kupiga ugonjwa. Mara nyingine askari wanachanganyikiwa, wanageuka kuipiga ngozi ya mwenye nyumba, pale ganda la juu linapoishikilia nyama ya chini. Maabara watakipaka kile kipande rangi inayonasa kwenye askari hao tu, wakitazame chini ya taa maalumu. Kama wapo, patang'aa kijani. Na ile damu watamwagia maji yake kwenye ngozi ya mtu mwingine waliyoitenganisha kwa maji ya chumvi, ganda huku, nyama kule, waone askari wangu wanakwenda kushika upande upi. Maana magonjwa haya yako zaidi ya moja, na kila moja lina upande wake.

"Ganda au nyama," nikasema.

"Ganda au nyama."

"Na ikiwa ni pilipili?"

"Mzio wa kugusa kitu hauachi mstari wa kijani, mama. Tutaona giza."

Kwa hiyo sasa najua ninachongoja. Mstari ukiwepo, narudi kwenye pipa langu. Giza likiwepo, Whitcomb alikuwa sahihi na mimi nimekwisha, nitakaa dirishani mpaka nife.

3 Septemba

Kichupa kimepanda ndege. Mimi sijawahi.

5 Septemba

Hakuna.

6 Septemba

Hakuna. Gilbert amepita na gari, amenipungia mkono. Sikupunga.

8 Septemba

Mchana nimempelekea Leroy chakula kwenye kibanda cha pampu, kwa kuwa Bernadette alikuwa na wateja. Nimemkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati amelikunja, anafungua kitambaa mkononi. Ndani ya kitambaa mna pilipili zilizopondwa. Ngozi yake imekuwa nyekundu, kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono.

"Unafanya nini, mpumbavu wewe?"

Akashtuka, akataka kuficha. Mtoto wangu hajawahi kuficha kitu akaweza.

"Ni za safu za juu, Mama. Za karibu na mfereji. Najifunga nazo tangu wiki iliyopita."

"Kwa nini?"

Hakunitazama. "Machi nilipuliza dawa mpya ya wadudu. Ile uliyosema inanuka kama paka. Halafu wewe ukaanza kujikuna. Nikasema, kama ni dawa yangu iliyokuunguza, bora iniunguze na mimi, nijue." Akaunyoosha mkono. "Mbona hayatoki, Mama? Mbona kwangu hayatoki?"

Nikavuta ndoo nyingine nikakaa. Wiki zote hizi nimemwita mwizi moyoni. Nimemnyima salamu za asubuhi. Na yeye alikuwa huku, anajichoma kwa mkono wake mwenyewe, ili agundue kama ameniua.

"Nilidhani unataka kibanda," nikamwambia.

"Kibanda?" Akanitazama kama niliyepagawa. "Mama, mimi nachukia kuchoma. Naunguza kila pipa."

"Nimeona."

Nikamweleza habari ya Las Cruces. Akakasirika. "Ulikwenda kukatwa bila kuniambia?"

"Wewe ulijifunga pilipili bila kuniambia."

Nikamwambia akaoshe mkono kwa maziwa, si kwa maji, na ale chakula chake. Nilibaki pale mpaka akamaliza sahani, kama alipokuwa mdogo.

11 Septemba

Hakuna. Leroy amerudisha aproni kwenye msumari. Na mimi sijaigusa. Nangoja.

15 Septemba

Tulikwenda watatu. Daktari Anaya aligeuza kioo cha kompyuta tuone. Giza tupu. Kisha akasogeza picha, na katikati ya giza mstari wa kijani, mwembamba, haukukatika popote, kama nyasi zinavyoota ukingoni mwa mfereji baada ya maji ya kwanza.

"Huo ni wewe, mama. Ile ngozi yako nzima."

"Na damu?"

"Imeshika upande wa ganda. Majibu yote matatu yanakubaliana. Huu ugonjwa unaitwa pemfigoidi."

Leroy akauliza, kofia anaikamua mikononi, "Je, inaweza kuwa dawa ya shambani?"

"Sioni sababu yoyote ya kufikiri hivyo."

"Na pilipili?" nikauliza mimi. "Sema kwa nguvu, daktari, huyu ana masikio mazito."

"Si pilipili."

Leroy akaugeukia ukuta. Bernadette akaenda kusimama nyuma yake, paji la uso mgongoni kwake. Nikawaacha, nikaitazama picha.

Sitadanganya hapa. Nilifurahi, kisha nikapandwa na hasira. Pilipili ningeweza kuichukia. Dawa ya wadudu ningeweza kuimwaga. Hawa askari nimewalisha mwenyewe miaka sabini na sita, kwa maharage yangu mwenyewe, na leo wananichuna. Nimgombeze nani?

Daktari akaomba aone vidonge ninavyomeza. Bernadette alikuwa amevibeba vyote kwenye mfuko. Daktari akashika kimoja cha ugonjwa wangu wa sukari. "Hiki umeanza lini?"

"Machi. Whitcomb alinipa."

Akasema kidonge cha namna hiyo kimeonekana mara nyingine kuwachokoza askari hao. Huenda ndicho, huenda sicho, atampigia Whitcomb wakibadilishe, na nisithubutu kuacha dawa ya sukari kwa kichwa changu. Niliambiwa niandike kila kinachonigusa nje. Ninachomeza hakuna aliyeniuliza.

Amenipa krimu kali, nijipake mwili mzima. Ni kazi ya miezi. Yanaweza kukauka, yanaweza kurudi.

"Na pipa langu?"

"Mikono mirefu ya pamba, glavu, upumzike kila mara, ngozi ikichubuka unaacha. Kusema kweli, mama, ningependa ukae kivulini."

"Na mimi ningependa niwe na miaka thelathini."

17 Septemba

Whitcomb leo aliinuka kitini nilipoingia. "Nilitakiwa kukupeleka Las Cruces mapema," akasema.

"Ulitakiwa."

Amebadilisha kidonge. Nimemwambia mgonjwa mwingine akija Agosti amvue nguo kwanza. Akasema atafanya. Tutaona.

20 Septemba

Usiku wa kwanza bila kujikuna. Nimelala kama gunia.

22 Septemba

Tillie. Safari hii bila biskuti, na alikaa kiti kizima.

"Shoga, Bernadette ameniambia. Mungu ni mwema. Sasa nipe barua ya daktari. Padri ataisoma Jumapili baada ya matangazo, watu watulie, kisha kamati itakaa tena kuhusu pipa."

"Ngozi yangu isomwe kanisani kama tangazo la ndoa?"

"Ni kwa faida yako!"

"Tillie, wakati walipokuwa wanasema nina sumu, nani aliwadai barua?"

Akasogea ukingoni mwa kiti.

"Hakuna barua. Mimi nakuja mwenyewe."

"Kamati haijakaa."

"Basi ikae. Mimi nitakuwa nimesimama."

29 Septemba, Mtakatifu Mikaeli

Leroy alitaka kunisindikiza kwa upole, nusu hatua nyuma, kama mgonjwa. Nikamwambia atembee mbele, abebe magunia.

Uwanja wa kanisa umejaa. Gilbert yuko kwenye pipa, jasho linamtiririka, moshi mweusi, watu wamepanga mstari wanakohoa. Walipotuona wakageuka kututazama, kutoka huku mpaka kule. Tillie alikuwa mezani kwa kina mama. Akainuka, akakaa.

Nilikuwa nimevaa shati la Procopio la mikono mirefu. Kabla ya kufika kwenye moto nikasimama, nikakunja mikono mpaka juu ya viwiko. Yamebaki mabaka ya zambarau, maganda, na malengelenge mawili ya wiki hii. Nikatembea nikiufuata mstari kutoka mwisho mpaka mwanzo, polepole, mikono nimeitanguliza. Nikaigeuza, upande huu na upande huu. Wengine waliinamisha macho. Nikawangoja mpaka wakayainua. Mzee mmoja aliniita kwa jina langu, "Eduvigen, pole." Nikamwambia pole ampe Gilbert.

Kisha nikashusha mikono ya shati, nikafunga vifungo, nikavaa glavu. Gilbert alizima gesi, akaniachia mpini kabla sijaomba. Nadhani alikuwa ameomba kwa Mtakatifu Mikaeli nifike.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mwanamke nisiyemjua, wa El Paso, gunia begani. Hakusogea mbele wala hakurudi nyuma. Nyuma yake watu wote wanamtazama yeye, waone atafanyaje.

"Bibi," akasema, "inauma?"

"Inawasha zaidi."

"Ni pilipili?"

"Si pilipili. Wala haishiki mtu. Ni mwili wangu unanigombeza, na mimi naugombeza vilevile. Zako kali au za kawaida?"

Aliitazama mikono yangu, akalitazama pipa. Akashusha gunia begani, akalisukuma kwa mguu mpaka kwangu.

"Kali."

"Leroy," nikasema, "washa."